KITI KILICHOBAKI WAZI
Habari za Baraza la Mji wa Los Angeles

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za kiti. Si kiti cha enzi cha mfalme, wala si kile cha mpingo alichokalia babu zamani na watoto wakakatazwa kukigusa. Ni kiti cha diwani katika baraza la mji, kitu ambacho kwa macho ni mbao na ngozi tu, lakini kikikosa mtu hata mwezi mmoja, maelfu ya watu huona upungufu wake.

Diwani ni mwanadamu. Huweza kufa, huweza kuugua, huweza kuchoka akajiuzulu. Pengine huchaguliwa kwenda baraza lililo kubwa zaidi, na pengine hushitakiwa mbele ya hakimu. Kwa vyovyote kiti chake hubaki wazi, na siku za uchaguzi mkuu huenda ziko mbali. Lakini barabara za kata yake haziachi kuharibika, wala bomba haziachi kupasuka, wala kodi haiachi kutozwa. Baraza linakutana, mafungu ya fedha yanagawanywa, na watu wa kata ile hawana wa kusema neno. Wahenga wetu walikwisha kulikata shauri hili: asiyekuwapo na lake halipo.

Basi nani akalie kiti hicho? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwaita watu wa kata wapige kura tena, jambo tuliloliita uchaguzi mdogo. Ya pili ni kwamba wenye mamlaka wenyewe wamteue mtu, wamwapishe, aketi. Sisi tumeuchagua mji wa Los Angeles, katika Marekani, kuwa mfano wetu, kwa sababu huko, katika muda usiofika miaka miwili, jambo hili la kuteua lilifanywa mara mbili na baraza lile lile, na mara zote mbili liliacha kilio, ila walioliacha likiwaliza hawakuwa watu wale wale.

Mji wenyewe uko katika jimbo la California, upande wa magharibi, kwenye bahari ya Pasifiki. Mwaka 1960, watu walipohesabiwa, walikuwa 2,479,015. Mwaka 2020 walikuwa 3,898,747. Tangu sheria kuu ya mji ilipoandikwa upya mwaka 1925, baraza lake limekuwa la viti 15. Mwanafunzi mwenye kalamu na agawanye: kila kiti kimoja, mwaka 1960, kilisimamia watu kama 165,000. Ni wengi kuliko watu wa miji mingi mizima. Diwani mmoja katika mji kama huo si mtu mdogo.

Sheria ya mji huo yasema kwamba kiti kikiwa wazi kabla ya muda wake, baraza lenyewe laweza kumteua mtu wa kukijaza, au laweza kuitisha uchaguzi. Wajumbe 8 wakikubaliana, shauri limekwisha. Miji mingine ya nchi hiyo ina desturi nyingine. Katika New York watu huitwa kupiga kura. Katika Chicago Meya huteua, na baraza humkubali au humkataa aliyeteuliwa. Katika San Francisco Meya huteua peke yake. Na kwetu Afrika ya Mashariki pia mambo hutofautiana: diwani wa kata wa Tanzania akifa, kata hurudi kwenye uchaguzi mdogo, na Kenya hufanya vivyo hivyo kwa wadi zake, lakini viti maalum vya Tanzania, na viti vya kuteuliwa vya Kenya, hujazwa kwa orodha za vyama. Hapo tuache. Hatukusudii leo kuhesabu sheria za nchi zote.

Wanaopenda njia ya kuteua hawakosi hoja, na si hoja za kuchekwa. Husema kwamba uchaguzi hula fedha nyingi: karatasi, masanduku, makarani, vituo, na yote hayo kwa kiti kimoja ambacho huenda kimebakiwa na miezi michache. Husema pia kwamba uchaguzi huchukua muda, na katika muda huo watu wa kata hukaa hawana msemaji. Tena katika uchaguzi mdogo watu wachache tu hujitokeza, hata pengine mshindi huwa amechaguliwa na sehemu ndogo ya wale anaowasimamia. Yote haya ni kweli.

Lakini wako wengine wajibuo: Je, mjumbe wa kata ya pili au ya saba amejuaje anayewafaa watu wa kata ya kumi? Hao wanane huenda wakamtafuta mtu wa kuwapatia kura barazani, wala si mtu wa kuwapatia maji watu wa mtaani. Na kuna jambo jingine ambalo sisi twaliona ndilo zito kuliko yote. Aliyeteuliwa si mshika nafasi tu. Uchaguzi ukija atasimama akiwa tayari ni diwani: jina lake limekwisha kuandikwa magazetini, ameonekana akifungua barabara, makarani wa ofisi ni wake, na wenye fedha wamekwisha kumzoea. Wenzetu wa pwani wanaelewa vizuri. Ukimweka mtu akulindie shamba kwa msimu mmoja tu, nawe ukamruhusu kupanda minazi, siku utakapolitaka shamba lako utamkuta ana neno la kusema.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Mwaka 1961, katika mji ule walikuwamo watu weusi zaidi ya 300,000. Wengi walikuwa wametoka majimbo ya kusini, Texas na Louisiana na Mississippi, wakikimbia umaskini wa mashamba ya pamba na sheria za kuwatenga. Walilipa kodi, walipiga kura, walipigana vitani. Lakini katika baraza la viti 15 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja, wala hapakuwa na aliyewahi kuketi humo tangu mji ulipoundwa chini ya serikali ya Marekani. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyetoka katika watu waliotengwa, naye ni Edward Roybal wa kata ya 9, mtu wa asili ya Meksiko. Huyu tutarudi kwake.

Mwaka huo Charles Navarro, diwani wa kata ya 10, alichaguliwa kuwa mkaguzi mkuu wa fedha za mji. Kiti chake kikabaki wazi. Kata ya 10 ilikuwa mchanganyiko: weupe, weusi, na watu wa asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa watu wa kazi za kati na wenye nyumba zao. Watu weusi wakasema, Sasa ndiyo saa. Hawakudai kata wapewe wao peke yao. Walidai kwamba kati ya watu 15 wa kuutawala mji, mmoja angalau awe anayezijua taabu zao. Watu 12 waliomba nafasi hiyo. Mmoja wa hao 12 alikuwa afisa wa polisi aliyeitwa Tom Bradley, naye alipeleka barazani karatasi zenye sahihi za watu waliomtaka.

Yafaa tumjue kidogo mtu huyu. Alizaliwa mwaka 1917 huko Calvert, Texas, mjukuu wa watumwa, na wazazi wake walilima pamba katika shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Alipokuwa mtoto wa miaka saba walihamia Los Angeles. Alikuwa hodari wa mbio, na mbio hizo zikamfungulia mlango wa chuo kikuu. Mwaka 1940 aliingia polisi. Akapanda hata cheo cha luteni, katika siku ambazo polisi mweusi hakupewa hata kukaa gari moja na mweupe. Usiku, baada ya kazi, alisoma sheria mpaka akawa wakili. Kama baraza lilitafuta mtu mwenye elimu na mwenye nidhamu, mtu ndiye huyu.

Baraza halikumtaka. Lilimteua Joe Hollingsworth, mfanya biashara, mtu mweupe.

Hatusemi kwamba Bwana Hollingsworth alikuwa mtu mbaya. Kuteuliwa si dhambi. Lakini fikirini jinsi habari ilivyofika mitaani. Watu wamekwenda na sahihi zao, wamesimama kwa adabu, wameomba kwa njia ya sheria. Wakajibiwa kwa kura za watu ambao hawakai kata yao. Kama wangeshindwa katika uchaguzi, wangesema, Tumeshindwa, tujaribu tena. Lakini hawakushindwa: hawakushindanishwa. Maneno haya mawili yanafanana kwa kusikia, ila hayana uchungu mmoja. Palikuwa na jaribio la kukusanya sahihi ili kumwondoa diwani huyo kitini kabla ya muda wake, maana sheria za huko zaruhusu, lakini halikufaulu. Basi wakarudi majumbani, wakaanza kazi nyingine, kazi ya polepole: kuandikisha wapiga kura, nyumba kwa nyumba, na kufanya urafiki na majirani weupe na Wajapani waliochukizwa vile vile. Bradley naye akaacha polisi mwaka ule ule, akaingia kazi ya uwakili.

Tumesema tutarudi kwa Edward Roybal. Alizaliwa Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, mwaka 1916. Mwaka 1947 aligombea kiti cha kata ya 9 akashindwa. Wenzake hawakukaa wakilia. Waliunda chama cha kusaidiana, wakapita mitaa ya mashariki ya mji wakiwaandikisha watu wa asili ya Meksiko kwa maelfu, watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika karatasi ya kura. Mwaka 1949 Roybal aligombea tena, akashinda. Alikuwa wa kwanza wa asili hiyo kuketi barazani tangu miaka ya 1880; na wasikilizaji wakumbuke kwamba mji wenyewe uliundwa mwaka 1781 chini ya Hispania, kisha ukawa wa Meksiko, kabla haujawa wa Marekani. Basi watu hao walikuwa kama wenyeji waliosahauliwa katika nyumba yao wenyewe, na Roybal ndiye aliyewafungulia mlango.

Mwezi wa Novemba 1962 Roybal alichaguliwa kwenda bunge kubwa la nchi, huko Washington. Ilikuwa furaha kubwa kwa watu wake, lakini katika furaha ile ilikuwamo hasara. Kiti cha kata ya 9 kilibaki wazi, na kwa mara nyingine shauri likaangukia meza ya baraza: tuteue, au tuwaite watu?

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Baraza lilikuwa bado linalaumiwa kwa mambo ya mwaka 1961. Uchaguzi wa mji ulikuwa unakuja baada ya miezi michache. Na katika kata ya 9 yenyewe watu weusi walikuwa wameongezeka sana, kwa kuwa mipaka ya kata hiyo ilichukua mitaa ya wote wawili, watu wa Meksiko na watu weusi. Tarehe 28 Januari 1963 baraza lilimteua Gilbert Lindsay. Huyo ndiye mtu mweusi wa kwanza kuketi katika baraza la mji wa Los Angeles.

Lindsay alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa na Bradley. Alizaliwa Mississippi mwaka 1900, alifanya kazi za shamba la pamba, akawa askari, kisha akaja Los Angeles. Kazi yake ya kwanza katika serikali ya mji ilikuwa ufagizi, katika idara ya maji na umeme. Alijisomesha, akafanya mtihani, akawa karani. Baadaye akawa msaidizi wa Kenneth Hahn, mjumbe wa halmashauri ya wilaya, na huko akajifunza siasa hasa: nani apelekewe salamu, nani atembelewe akifiwa, taa gani ya barabarani imezimika na nani wa kuiwasha. Alikuwa mfupi wa kimo lakini si mfupi wa maneno. Katika miaka yake ya mwisho alipenda kujiita mfalme wa kata ya 9, na watu walicheka, lakini hawakukataa.

Je, mitaa ya watu weusi ilifurahi siku ile? Ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Mfagizi wa ofisi za mji ameingia ukumbini kuutawala mji. Lakini vuka upande wa pili wa kata hiyo hiyo, uingie mitaa ya watu wa Meksiko. Huko palikuwa na kimya. Kiti walichokipata kwa kuandikishana nyumba kwa nyumba, walichokipata kwa kushindwa kwanza na kurudi tena, kiliondoka kwao asubuhi moja bila mtu wa kata kupiga kura. Tangu siku ile baraza la Los Angeles halikuwa na mjumbe yeyote wa asili ya Meksiko mpaka mwaka 1985. Ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa siku aliyoapishwa Lindsay alikua, akasoma, akaanza kazi, hajapata kumwona diwani wa kwao.

Hapa, wasikilizaji, ndipo penye ugumu wa jambo hili, na hatutaki kuupita mbio. Wengine husema kuteua ni dhuluma, basi. Wengine husema kuteua huwasaidia wanyonge, kwa kuwa walio wachache hawawezi kushinda kura. Kisa chetu chawakatalia wote wawili. Mwaka 1961 uteuzi uliwanyima watu weusi; mwaka 1963 uliwapa. Baraza ni lile lile na sheria ni ile ile. Kilichobadilika ni hesabu ya wakubwa: mwaka 1961 hawakuona faida ya kumpa mtu mweusi kiti, mwaka 1963 waliona hasara ya kumnyima. Na waliolipa gharama ya badiliko hilo si wale wajumbe waliofanya kosa la kwanza, bali ni watu wa Meksiko, ambao hawakumkosea mtu. Wanyonge wawili waliachiwa sahani moja, na mwenye chungu akakaa pembeni.

Wazee wa Afrika ya Mashariki wanaweza kulifahamu jambo hili bila kuelezwa sana. Mwaka 1944 Gavana wa Kenya alimteua Eliud Mathu kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Na mwaka 1945 huko Tanganyika waliteuliwa Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Mlango ulifunguka, na kwa watu wa siku zile halikuwa jambo dogo. Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwa nani?

Turudi Los Angeles. Mwezi wa Aprili 1963 siku ya kura ilifika katika kata ya 10. Wagombea walikuwa wawili tu: Hollingsworth aliyeteuliwa, na Bradley aliyekataliwa. Siku hiyo kulikuwa na kura mbili za kiti kimoja. Moja ilikuwa ya muda mfupi uliosalia wa Bwana Navarro, uliokuwa unakwisha tarehe 30 Juni. Nyingine ilikuwa ya muda mzima wa miaka minne. Katika kura ya kwanza Bradley alipata 17,760, na Hollingsworth 10,540. Katika ya pili Bradley alipata 17,552, na mwenzake 10,400. Kumbukeni tuliyosema juu ya mlinzi wa shamba na minazi yake. Hollingsworth alikuwa amekaa kitini mwaka mmoja na nusu na zaidi, na faida zote za mwenye kukaa zilikuwa zake. Lakini watu wa kata walikuwa hawajasahau. Tena watu weusi katika kata hiyo hawakuwa wengi kiasi cha kumshindisha mtu peke yao. Waliomchagua Bradley walikuwa wa rangi zote.

Basi Bradley akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza hilo, kama vile Lindsay alivyokuwa wa kwanza kuteuliwa. Lindsay naye, katika uchaguzi wa mwaka huo huo, aliwaendea watu wake wakamthibitisha. Na Billy Mills akashinda kata ya 8. Kabla ya Januari 1963 hapakuwa na hata mmoja. Mwaka ulipokwisha walikuwa watatu katika 15.

Njia zao baadaye hazikuwa moja. Bradley alikaa barazani miaka kumi. Mwaka 1969 aligombea umeya akashindwa na Sam Yorty; mwaka 1973 akamshinda Yorty huyo huyo, akawa Meya kwa miaka 20. Urafiki wa rangi zote aliouanzia kata ya 10 ndio uliompeleka huko. Lindsay hakutoka kata yake. Alichaguliwa tena na tena. Majumba marefu ya katikati ya mji mengi yaliinuka wakati wake, naye aliyapenda kama mkulima apendavyo mahindi yake, ingawa walikuwapo waliomwuliza kwa nini mitaa ya kusini ya kata ile ile ilibaki na umaskini wake. Twaona swali lao lilikuwa la haki.

Mwezi wa Septemba 1990 Lindsay alipatwa na kiharusi. Hakuweza tena kufika barazani, wala hakujiuzulu. Kiti hakikuwa wazi kwa sheria, lakini kilikuwa wazi kwa macho. Alifariki tarehe 28 Desemba 1990, akiwa na miaka 90, na karibu miaka 28 katika nafasi aliyopewa kwa uteuzi wa asubuhi moja. Safari hii mrithi wake hakuteuliwa. Watu wa kata ya 9 waliitwa, na mwaka 1991 wakamchagua Rita Walters, mwanamke mweusi wa kwanza katika baraza hilo, kwa kura chache sana kumzidi mpinzani wake.

Na watu wa Meksiko? Mwaka 1985 diwani wa kata ya 14, upande wa mashariki, alijiuzulu. Watu waliitwa kupiga kura, wakamchagua Richard Alatorre. Kiti kilichowatoka kwa uteuzi walikuwa hawajakirudia. Waliingia kwa mlango wa kiti kingine kilichobaki wazi.

Tungeweza kukomea hapo, lakini kata ya 10 haikukubali kisa kiishie mwaka 1963. Mwezi wa Oktoba 2021 diwani wake, Mark Ridley-Thomas, alishitakiwa kwa rushwa, mashtaka yaliyohusu siku alizokuwa katika halmashauri ya wilaya. Baraza likamsimamisha. Kusimamishwa si kuondolewa. Basi kata ikawa na diwani asiyeweza kupiga kura wala kuondolewa, na watu wapatao 260,000 wakawa hawana sauti. Mwezi wa Februari 2022 baraza lilimteua Herb Wesson ashike nafasi. Huyu alikuwa diwani wa kata hiyo hiyo zamani, na mihula mitatu inayoruhusiwa na sheria ilikwisha kwake. Wakazi wengine wakaenda mahakamani, hakimu akamzuia. Mwezi wa Septemba 2022 baraza likamteua Heather Hutt, ambaye alikuwa akiiangalia ofisi ya kata hiyo kwa muda. Mwezi wa Machi 2023 juri ilimwona Ridley-Thomas na hatia, kiti kikawa wazi kwa sheria, na mwezi wa Aprili baraza likamteua Hutt tena, amalizie muda uliobaki.

Wakati huo huo baraza lilikuwa na kiti kingine kilicho wazi, cha kata ya 6. Mjumbe wake, Nury Martinez, aliyekuwa pia mwenyekiti wa baraza, alijiuzulu mwezi wa Oktoba 2022 baada ya maneno yaliyonaswa kwa siri kutangazwa, maneno ya kuwatukana watu wa rangi nyingine na ya kupanga mipaka ya kata. Katika mazungumzo yale yale walikuwa wamezungumza pia juu ya nani apewe kiti cha kata ya 10. Watu walipoyasikia, uteuzi ulinuka. Kwa kata ya 6 baraza liliamua kuitisha uchaguzi, ingawa gharama yake ilihesabiwa kwa mamilioni ya dola. Ofisi ya kata ilisimamiwa na mtumishi wa mji asiye na kura mpaka watu walipokwenda vituoni mwezi wa Aprili 2023, na mara ya pili mwezi wa Juni, wakamchagua Imelda Padilla.

Kata ya 10 ilingoja zaidi. Kura ya kwanza ya kiti hicho ilipigwa mwezi wa Machi 2024, na ya mwisho mwezi wa Novemba. Hutt alishinda. Huenda wangempata yeye yule kama wangeulizwa mapema. Lakini tangu Oktoba 2021, miaka miwili na miezi mitano ilikuwa imepita kabla mtu yeyote wa kata hiyo hajaulizwa.